Konea ya Marehemu

Bomu la barabarani kule vitani lilimharibia mjukuu wangu Leland jicho la kushoto, likaisha kabisa. La kulia lilibaki, lakini mchanga na vipande vya chuma viliikwangua konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, nayo ikapona nyeupe kama maziwa. Akawa anaona mwanga na vivuli tu.

Daktari kule mjini Albuquerque, Marekani, akatuambia ndani jicho ni zima. Akiwekewa konea nyingine, huenda akaona. Ila konea hutoka kwa mtu aliyekufa.

Leland akakataa.

Sisi Wanavaho, wenyeji wa asili wa Marekani, hatugusi vya marehemu. Hata nyumba aliyofia mtu tunaihama. Nilimfundisha hayo mwenyewe tangu akinichungia kondoo, na akayashika.

“Basi ngoja jicho lichipue kama mahindi,” binamu yake Verna akamchokoza.

“Nikikumbuka sura yako, Verna, sina haraka ya kuona.”

Verna alipotoka kwenda kununua kahawa, Leland akanishika mkono. “Bibi, nikiwekewa, nikija nyumbani utanifungulia mlango?”

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimsumbua. Kusema kweli niliogopa. Nikamgeukia daktari.

“Huyo marehemu mwenyewe aliulizwa?”

“Aliagiza akiwa hai, bibi. Alisema macho yake apewe mwenye shida.”

Nikamgeukia mjukuu wangu. Nikasema, “Leland, kilichoachwa hatukiokoti. Hiki hakikuachwa, kimetolewa. Kipokee. Waimbaji wetu wa tambiko watakusafisha kwa nyimbo, na mlango nitaufungua mimi.”

Akashonewa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Mwanzoni aliona ukungu mtupu, Leland akanuna, nami nikamwambia hata mwanakondoo hasimami siku anayozaliwa. Majira ya baridi yakapita. Nyuzi zikatolewa moja moja, akapewa na lenzi ngumu ya kuvaa juu ya jicho. Si jicho la tai, lakini akaanza kusoma.

Nyimbo zilipokwisha, akaja. Nikafungua mlango, nikaliangalia lile jicho. Nalo likaniangalia.

“Lo, Bibi, mbona umekunjamana hivyo?”

“Ulitaka nikungoje bila kuzeeka?”

Akacheka, akainama asigonge kichwa, akaenda moja kwa moja kwenye chungu cha supu ya kondoo. Hakuna aliyemshika mkono.