Sababu ya Kila Namba

Diplome ya Thierry haikuniuma. Kilichoniuma ni kuambiwa nimufundishe kazi wiki moja, kisha nirudi nyumbani. Miaka saba nachunga ordinateri, ile kompyuta ya redio yetu hapa Bukavu, leo directeur, papa Isidore, ananiletea huyu Thierry, mukwe wake: «Maman Emérence, mashine sasa ni kazi ya vijana.» Vijana! Mimi niko na miaka trente-huit, hata arobaini sijafika.

Siku ya kwanza, Thierry akaanza mise à jour, kuweka toleo mupya la programu inayotoa vipindi. Katikati mashine ikauliza: kuna faili ya mipangilio mulibadilisha wenyewe, muichunge, ao niweke mupya?

«Ichunge,» nikamwambia.

«Maman, ya mupya ndiyo muzuri.» Akabonyeza.

Asiyesikia la mukubwa huvunjika guu.

Saa sita ya muchana, pa nafasi ya habari, redio ikatoa mulio mumoja tu: tiiii. Faili mupya haikujua hata habari zetu ziko wapi. Watu wakapiga simu kutoka Katana mpaka Nyangezi. Papa Isidore akaingia mbio.

«Nani ameharibu redio yangu?»

Thierry akaangalia viatu vyake.

Dawa ilikuwepo. Ile mashine iko na adabu kupita mukwe: faili yangu haikuitupa, iliiweka kando na neno «zamani» mwisho wa jina. Lakini niliogopa, jamani! Pembeni ya kila namba ya ile faili nilikuwa nimeandika sababu yake, na sababu zingine hazikuwa za macho ya directeur.

Nikamuambia faili ya zamani iko. «Fungua nione,» papa Isidore akasema, akavaa miwani nyuma ya bega langu.

Nikafungua, nikashuka nayo haraka haraka ili asisome.

«Simama hapo.» Akasoma kwa sauti: «Mikro ya directeur: punguza sauti kwa sita. Papa huyu anapiga kelele sawa muuza samaki sambaza sokoni.»

Thierry akakohoa ili asicheke. Mimi nikaanza kukusanya vitu vyangu kwa mawazo: kikombe, kitenge, chaja.

«Uliandika hii lini?»

«Mwaka wangu wa kwanza, papa.»

Akatoa miwani.

«Ndiyo mwaka watu walianza kunisifu sauti,» akasema polepole. «Hata bibi yangu, mama wa watoto wangu.» Akamugeukia mukwe. «Thierry, rudia nyumbani. Emérence hatoki hapa. Na wewe maman, rudisha faili yako. Maneno uyafute. Ile sita usiiguse!»

Nikairudisha, habari zikatoka. Maneno niliyafuta. Ile sita nikaifanya nane.