Kitambaa cha Kathure na Dawa ya Povu

Kathure wa Kanyakine alikuwa na kitambaa cheupe cha kichwa ambacho angefungwa Jumapili, siku ya kupokewa katika umoja wa kina mama kanisani. Sasa mtu mzima na akili zake alikianika wapi? Juu ya seng'enge, kama anavyoanika kila kitu, ili upepo usikichukue. Mvua ikakinyeshea hapo hapo, na kesho yake kilikuwa na madoa mawili ya kutu.

Celina, mwenyekiti wao, hakuwa mtu wa mchezo: mwenye doa alirudishwa nyumbani watu wakiona.

Akaikumbuka haidrojeni peroksaidi, dawa ya vidonda iliyobaki mumewe Mwirigi alipojikata mguu kwa panga. Akalilowesha doa moja mchana kutwa, akiongeza dawa kila povu lilipotulia. "Kula! Kula uchafu wote!" aliishangilia. Alipokuja kukifikicha, doa likatoka pamoja na kitambaa chenyewe. Palibaki tundu la kupita kidole, na Kathure nusura alie.

Binti yake Karimi, anayesomea kemia chuo kikuu huko Embu, alikuwa amekuja nyumbani. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, kutu iko na chuma. Chuma inavunja hiyo dawa, inatoa vipande vya hasira. Kila kipande kimekosa elektroni moja, kwa hivyo kinanyakua ya jirani."

"Jirani ni nani?"

"Si huo uzi wako! Na chuma haiishi, inarudi kuvunja dawa ingine."

"Kumbe nilikuwa nashangilia mwizi."

Karimi akalikamulia doa la pili limau na chumvi, likafifia, akasuuza. Kathure alifurahi kweli, lakini tundu halina limau.

Jumapili, Celina alimfunga kitambaa kwa mikono yake mbele ya kanisa zima. Kidole chake kikaingia tunduni, kikatulia humo. Kathure akafumba macho, akingoja kurudishwa nyumbani.

Celina akamwinamia sikioni.

"Mama Karimi, ulitumia ile ya povu?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Wacha nikufungie fundo hapo juu yake, kama langu. Mimi niko na tundu mbili."