Nguzo Zilizoachwa Bila Mshazari

Mhandisi alikuwa bado mlangoni mwa ghala la mjomba wake alipoona kitu kimepungua. Kule nyuma, kati ya nguzo mbili za chuma, vyuma vya mshazari alivyovichora yeye mwenyewe, vikipita kiupande toka nguzo hadi nguzo kuzishikilia, vilikuwa vimekatwa na kulazwa sakafuni.

Mjomba, mtu wa maneno matamu na haraka nyingi, alikuwa ametaka lori liingilie nyuma, na vyuma vile vilimzibia njia. Fundi wa kuchomelea alisitasita, kisha akakata. Mwenye mali kishasema.

Mhandisi hakufoka. Aliwatoa wapakuaji nje, akazima kreni ya darini na kutia ufunguo mfukoni.

"Mwanangu, si zimesimama?" Mjomba alicheka. "Nguzo nene kama hizi, zianguke kwa lipi?"

"Zimesimama kwa kuwa upepo umelala, Mjomba. Nguzo haishindwi na uzito tu. Kichwa kikiachiwa kiyumbe, inapinda kabla haijafika hata robo ya mzigo wake. Na si hizi mbili peke yazo. Safu nzima ilishikwa na mshazari ule."

Mjomba alitaka kubisha. Mhandisi akaning'iniza timazi, uzi wenye kizito nchani, kwenye nguzo ya pembeni, akamwita aone. Juu uzi uligusa chuma. Chini ulikuwa umeachana nacho upana wa kiganja. Mzee alitazama juu, akatazama chini, akarudi nyuma hatua kadhaa bila kuambiwa.

Waliivuta safu ikasimama wima, taratibu, kwa nyaya za chuma zilizokazwa kwa winchi. Kisha mhandisi akakaa juu ya gunia na kalamu yake. Safu haikujali mshazari uko wapi, mradi uwepo. Nafasi iliyofuata, kati ya nguzo za pili, haikuwa na mlango, basi mshazari ungehamia hapo. Alihakikisha msingi wa hapo ungehimili mvuto, akamwonyesha fundi pa kuchomelea. Fundi alifanya kazi safi, kama mtu anayeomba radhi kwa mikono.

Nyaya hazikufunguliwa mpaka mhandisi alipokagua kila kiungo. Ndipo alipomrudishia Mjomba ufunguo, na lori likaingia kinyumenyume kwa mlango wa nyuma.

Mjomba sasa huwaambia wageni kwamba kuhamisha mshazari lilikuwa wazo lake. Mhandisi humwacha ajisifu. Lakini Mjomba hapigi msumari ghalani humo kabla hajampigia mpwa wake simu.