Kamba Ikishavutwa

Kaka yangu ni mwalimu wa hesabu, na wiki nzima kabla ya safari alitufundisha namna ya kushuka korongo, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amewahi kushuka hata moja. Alituchorea hadi mchoro nyuma ya kalenda ya jikoni kwangu. Rafiki yake fundi umeme, tuliyemzoea kwa jina la Twiga, ameshuka makorongo ya jangwa lile tulilokuwa tunakwenda miaka nenda rudi. Yeye alikunywa chai yake tu.

Tulikuwa wanne: wao wawili, mimi mshona nguo, na shoga yangu tangu shule, muuguzi wa kliniki ya meno. Asubuhi mapema tuliacha gari juu ya uwanda, tukavaa kofia ngumu na mikanda ya kiunoni na mapajani, tukafuata mkondo mkavu mpaka ardhi ikapasuka miguuni petu.

Genge la kwanza lilikuwa na kimo cha kama ghorofa mbili; Twiga akapitisha kamba kwenye pete ya chuma iliyochomekwa mwambani. Muuguzi alishuka akicheka. Mimi nilishuka nimefumba macho, wala sikuona aibu. Kaka alishuka akitoa maelezo. Sote tulipofika chini, Twiga alivuta ncha moja ya kamba, yote ikatuangukia.

"Sasa hakuna kurudi," alisema. "Njia ni mbele tu."

Mbele palikuwa pembamba, tukapita kiubavu kama kaa. Kisha tukavuka dimbwi la maji baridi yaliyotufika kifuani, na Kaka akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa watoto.

Genge la pili lilikuwa mara tatu ya lile la kwanza. Twiga alitangulia, akashika ncha ya kamba kule chini ili amzuie atakayeteleza. Zamu ya Kaka ikafika.

"Tangulieni nyinyi," alisema. "Mimi naikagua kamba."

Aliikagua robo saa, sisi tukimsubiri. Mwishowe akaniambia kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, miguu imegoma."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, nikaumeza. Muuguzi alimsogelea, akamshika bega, akaanza kusema kwa ile sauti ya kliniki, ya kumtuliza mtu huku sindano imeshaingia.

"Mwalimu, saba mara kumi na tatu?"

"Tisini na moja."

"Kaa kwenye mkanda. Kumi na saba mara nane?"

"Mia moja... thelathini na sita."

"Hatua moja nyuma. Usiniangalie mimi, fikiri. Ishirini na tatu mara kumi na tisa?"

Kaka alikuwa ameshaning'inia ukingoni, midomo ikimchezacheza kwa hesabu.

"Mia nne na kumi," Twiga alijibu kutoka chini.

"Mia nne thelathini na saba," Kaka akamsahihisha kwa ukali, akaendelea kumweleza alipokosea, hatua kwa hatua, na alipomaliza kumkosoa nyayo zake zilikuwa mchangani.

Mchana tulitokea kwenye bonde pana, tukakaa juu ya mwamba wa moto kukausha nguo na kumenya machungwa. Kaka alimpa muuguzi nusu ya chungwa lake.

"Dada," alimwambia muuguzi, "nina jino linaniuma tangu mwaka jana. Nimekuwa nikikukwepa."

"Najua. Unatafuna upande mmoja. Njoo kesho saa mbili."

Alifika saa nne na nusu, lakini alifika.