Wapagazi wa Matusi Ipuli

Elieth alikuwa akipiga pasi sare za kwaya barazani kwake Ipuli pale tusi la kwanza lilipowasili kwa miguu. Lilikuwa kijana mwembamba, vumbi hadi kwenye kope, mzigo kichwani kama wapagazi wa zamani wa njia ya Ujiji. Akasema shikamoo, akatua mzigo uani, akatangaza kilichomo: "Fundi cherehani mwizi wa vitambaa." Elieth akaitikia marahaba. Asubuhi hiyo alikuwa ameuliza kwenye grupu la simu la mtaa kwa nini bomba la maji linafunguliwa kwa ndugu wa mwenyekiti, Mzee Wilbroad, peke yao.

Matusi yakazidi, wapagazi wakazidi. Na mama wa Kinyamwezi hamwachi aliyetua mzigo uani kwake aondoke na njaa, hata kama mzigo wenyewe ni yeye kuitwa malaya. Akawapa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga. Wakanawiri. Majirani walilalamika tu kwamba wanawamalizia kivuli.

Tusidanganyane, yalimuuma. Alishona huku analia. Lakini wateja wake wote walikuwa kwenye grupu lile.

"Sitoki ng'o," alisema.

Wakaja watafiti watatu wa chuo kikuu, mwanasheria, mwanasaikolojia na mtaalamu wa kompyuta, kutafuta namna ya kuwaweka watu salama mitandaoni. Wilbroad, ambaye pia ndiye admini wa grupu, akawapeleka kwa Elieth, akakalia kiti kizuri. Mwanasheria akawadai wapagazi vitambulisho. Mwanasaikolojia akawauliza wanaumia wapi; wakasema shingo. Mtaalamu wa kompyuta akaazima mizani ya pamba, akakuta mzigo wa "mchawi" ni mzito kuliko gunia la mpunga.

"Nani anawatuma?" mwanasheria akauliza.

"Si ndiye huyu mzee hapa," kijana yule wa kwanza akajibu, karanga zimemjaa mdomoni, akimwonyesha Wilbroad. "Mengine anayatuma kwa laini ya mkewe."

Wilbroad akacheka. "Safari imewachosha hawa watoto. Hebu waleteeni wageni wetu soda."

Soda zikaletwa, na watu wazima wale, na shahada zao zote, wakanywa. Loh!

Ripoti yao ilisifiwa sana. Fani zote tatu zilikubaliana: anayeshambuliwa aondolewe, ili awe salama. Wilbroad alimwondoa Elieth kwa kidole chake mwenyewe, akaandika kwamba sasa grupu ni salama. Watu wakaweka makofi.

Kesho yake hakuna mteja aliyepiga hodi. Wapagazi ndio waliokuja, msururu hadi barabarani.

"Si nimeshatolewa jamani?" Elieth akauliza.

"Umetolewa, mama," kijana akasema kwa adabu. "Sasa wanasema kwa nafasi, maana hupo."

Elieth akaiburuta cherehani kuiingiza ndani, maana wapagazi walihitaji pa kutua, nayo haikuwa na kazi tena.