Aliyeipokea Bunduki

Shati la mume wangu nililifua mara tatu kabla sijakubali kwamba lile doa halikuwa damu. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za kanisa hapa Tosamaganga, huu mwaka wa tisa, na kwa madoa hakuna wa kunidanganya. Damu hutoka kwa maji baridi na subira. Hili lilikuwa limeungua. Kuzunguka tundu, upande wa kushoto wa kifua, kaki ilikuwa imekauka na kukatika kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi ya mkaa. Maana yake mdomo wa bunduki ulikuwa karibu naye, karibu kabisa. Na bunduki ilipolia ilikuwa mikononi mwa Asukile.

Huyo Asukile alitoka Iyunga, kule Mbeya, akaja kwetu kutafuta kazi kwa Mzungu aliyekuwa akipeleka wawindaji wa Ulaya porini, mbele ya Idodi. Marcelino wangu alikuwa ameshakaa kwa Mzungu huyo miaka kumi na mmoja, akiongoza wageni na kufuata nyayo. Ndiye aliyempokea Asukile, akamfundisha upepo, nyayo na bunduki. Alimwita mdogo wangu. Alimleta kwangu akala ugali wangu na mboga zangu, akasifu, akaongezwa. Kisha mwaka ule wa hamsini na sita Mzungu akatangaza kwamba msimu ukiisha atachagua mnyapara mmoja wa waongozaji wote. Majina yalikuwa mawili tu, la mume wangu na la Asukile.

Jina moja likaenda kaburini. Niambie wewe, ungefikiri nini?

Habari tuliyoletewa ni hii. Mgeni mmoja alijeruhi nyati asubuhi, nyati akaingia kichakani. Mzungu akabaki na mgeni, Marcelino na Asukile wakatangulia kufuata damu. Wakafika kwenye korongo. Hapo kulikuwa na sheria ya kambi, na Marcelino alinieleza mara nyingi huku akila: mwendoni chemba, pale pa kuwekea risasi, hukaa tupu mpaka mnyama aonekane, na mahali pa kupanda au kushuka hakuna kuvuka na bunduki mkononi. Mmoja anashuka mikono mitupu, wa juu anafungua bunduki, anaonyesha chemba, anasema, "Tupu." Wa chini anatazama, anajibu, "Nimeona." Ndipo anapewa, kitako mbele. Asukile alitangulia kushuka. Marcelino akasema tupu, akampa. Asukile akavuta, kijiti kikanasa kwenye mtambo, na bunduki iliyokuwa tupu ikamuua mume wangu.

Bunduki tupu haiui. Hata mimi nisiyejua kitu najua hilo.

Asukile ndiye aliyekuja na maiti. Alimbeba yeye na vibarua wawili hadi barabarani, wakapata lori. Msibani alikaa mbali, chini ya ukuta wa jikoni, hakugusa chakula siku tatu. Watu wakasema ana uchungu. Mimi nikasema ana lake. Kila nilipomtazama alitazama vidole vyake. Vitu vya marehemu alivileta vyote, kofia, kisu, blanketi, hata tumbaku iliyobaki, vikiwa vimekunjwa vizuri kuliko alivyovikunja mwenyewe Marcelino. Mkanda wa risasi haukuwemo. Nilimwuliza uko wapi. Akasema, "Umechukuliwa na Bwana wa kambi, shemeji." Nikamwuliza, "Ulitazama chemba?" Nikauliza tena mbele ya watu, nikapaza sauti. Akasema, "Sikutazama, shemeji. Nisamehe."

Mtu aliyefundishwa kutazama, akatazama miaka mitatu, akaacha siku hiyo moja! Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaambia wanawake wa kanisani, na hakuna aliyenibishia. Nilikuwa na hasira hata chumvi nilikuwa natia mara mbili.

Aliyenishika mkono ni mama mkwe. Tangu niolewe alikuwa akiniita Juliana, au Mama Yudith kwa ajili ya binti yetu aliyefariki kwa surua. Baada ya mazishi alianza kuniita mwanangu. Akahamia kwangu, akalala kwenye kitanda changu. Kila asubuhi aliniuliza, "Alhamisi utasema, mwanangu?" Alhamisi Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, alikuwa anasikiliza habari za kifo kile bomani Iringa. Mpaka hapo kiliitwa ajali. Lakini karani wa boma, aliyekuja kuandika majina yetu, alisema wazi: mjane akisimama na shati, akaeleza habari ya unyapara, shauri litageuka la kuua. Na shauri la kuua mwisho wake ni kamba.

"Nitasema," nilimjibu mama mkwe kila asubuhi. Shati nilikuwa nimeshalipiga pasi na kulikunja, tundu juu.

Jumatano mchana, niko nyuma ya nyumba naanika, nikasikia hodi. Alikuwa mwanamke mfupi, amejitanda khanga, vumbi la basi hadi kwenye kope, na mkungu wa ndizi kichwani. Mama mkwe alikuwa ameenda kisimani.

"Kamwene, dada," akasema, kwa Kihehe cha kubabaisha. "Pole na msiba. Mimi naitwa Tupokigwe. Mke wa Asukile."

Nilihisi mikono inaniwasha. Ameleta ndizi! Nilidhani ametumwa kunilainisha kwa mkungu wa ndizi, kana kwamba mume wangu alikuwa na thamani ya mchuzi.

"Weka hapo nje," nikasema. "Na useme ulichotumwa."

"Hajanituma mtu. Asukile akijua nimekuja huku atanifukuza." Aliutua mkungu, akakaa chini bila kukaribishwa. "Nimetoka Iyunga jana. Nimemkuta mjini, hali, halali. Anasema kesho atakubali makosa yote. Nimemwuliza sana. Nimelia sana. Ndio akaniambia."

"Akakuambia nini? Kwamba hakuua?"

"Kwamba bunduki ya kaka Marcelino ilikuwa haikai tupu."

Nilicheka, kicheko kibaya. Nikamwambia mume wangu alikuwa mwalimu wa waongozaji wote, sheria ile alikuwa akiisema hata usingizini, aende akatunge uongo mwingine. Yeye alisubiri nimalize. Alikuwa na uvumilivu wa mtu aliyesafiri siku nzima amesimama.

"Dada, alikuwa anaweka risasi moja chemba, siku zote, tangu mwaka jana," akasema. "Wakifika korongo, anageuka kidogo, anaitoa, anaitia mfukoni. Ndio anafungua, anasema tupu. Asukile alimwona siku moja. Akamwambia, kaka, hii ni hatari. Kaka akasema, nimeapa, siwezi kuacha, lakini wewe hutapokea bunduki yangu na kitu ndani, niamini. Akaamini. Toka siku ile akaacha kutazama."

"Kwa nini aache? Sheria si ilikuwa atazame?"

Tupokigwe alinitazama kama naulizia jambo la watoto. "Atamchungulia vipi mkubwa wake? Kaka amesema tupu, ameniahidi mimi, halafu mimi naweka jicho? Ni kumwita mwongo, dada. Kwenu hapa inawezekana?"

Haiwezekani. Nilijua haiwezekani. Asukile alikuwa hawezi hata kuchukua kinyama kwenye sahani kabla ya Marcelino.

"Siku ile nyati alikuwa anakoroma pale pale kichakani," akaendelea. "Kaka akaharakisha. Akafungua nusu, akafunga, akasema tupu, akampa. Alisahau kuitoa. Basi."

Hata hapo sikumwamini. Nataka ujue hivyo. Nilikuwa nimezoea shaka yangu, ilinipa kitu cha kushika. Nikasema, "Maiti hasemi, ndiyo maana mnamsingizia. Aliapa! Alimwapia nani?"

Alianza kukunja ncha ya khanga yake.

"Asukile alisema nisikuambie hata nikifa."

"Sema."

"Alikuapia wewe. Alisema ulimpa ashike kitambaa cheupe, cha kubatizia mtoto. Kina tone la nta kwenye pembe, wewe hutaki kulitoa. Alimwambia, nimeapa kwa nta ya Yudith."

Kitambaa kile hakijui mtu. Mama mkwe hakijui, padre hakijui. Kimo chini ya sanduku langu, ndani ya foronya, na mimi ninayetoa madoa ya watu wote, tone lile la mshumaa wa ubatizo sikuwahi kuligusa. Nilikitoa mara moja tu tangu tumzike Yudith. Ni mwaka jana, usiku wa matanga ya Joachim, mwongozaji mwenzao, aliyeuawa na nyati huku bunduki yake tupu ikiwa mkononi, akihangaika kutia risasi. Sheria ya kambi ndiyo iliyomwambia atembee nayo tupu. Nilimrudisha Marcelino nyumbani kutoka matangani, nikafunga mlango, nikamtia kitambaa mikononi. Nikamwambia, apa kwamba hutaingia tena porini na bunduki tupu. Alikataa. Alisema, Juliana, risasi ikikaa chemba inaua wenzako. Nililia, nikamwambia kama hunipendi usiape. Akaapa.

Nilikaa chini kando ya Tupokigwe. Sikulia. Nilihisi baridi tu, jua likiwa utosini.

"Kwa nini hakuniambia?" nikasema. "Nimemtukana mbele ya watu wote."

"Anasema wewe umeshazika mtoto na mume. Hili hutaliweza." Akajifuta uso. "Mimi namwonea huruma, lakini nina watoto watatu, dada. Mimi siwezi kumtoa baba yao ili wewe ulale vizuri. Nisamehe."

Mama mkwe alirudi na ndoo, akaukuta mkungu wa ndizi mlangoni na mwanamke ameshaondoka. Akauliza ni nani. Nikasema ni mtu aliyekuja kunipa pole. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na usinidhanie mtakatifu, ulinitoka kwa urahisi sana. Jioni ile nzima nilikuwa nikifikiri: mwenyewe amekubali kubeba. Mimi nikinyamaza tu, bila kusema baya wala zuri, itabaki ajali ya uzembe, atafukuzwa kazi, labda atafungwa mwaka mmoja, miwili, atarudi kwa watoto wake. Mimi nitabaki mwanangu wa mama mkwe, mjane wa mtu asiye na kosa. Nikisema, ukoo wote utajua ni nani aliyeweka risasi ile. Mama atatoka kitandani kwangu na hatarudi.

Alhamisi tulitembea hadi bomani kabla jua halijawa kali. Watu walijaa barazani. Ndani, Bwana Shauri alikaa mezani, karani kando yake akitafsiri. Mzungu wa wawindaji alisema yake kwa kifupi, akatoka kuvuta sigara. Asukile akasimamishwa. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa.

"Ulitazama chemba?" karani akauliza.

"Sikutazama. Kosa ni langu."

"Marehemu alivunja sheria yoyote ya kambi?"

"Hapana, bwana," Asukile akasema, na hakutazama vidole vyake. Alimtazama Bwana Shauri usoni, akarudia, "Hapana. Alikuwa mwalimu wetu."

Nilikuwa nimemchunguza mtu yule wiki tatu nikitafuta dalili ya uongo. Sasa nilimwona anadanganya, na alikuwa akidanganya kwa ajili yangu.

Karani akaita jina langu. Mama mkwe aliniminya kiwiko. "Sema, mwanangu," akanong'ona. "Toa shati."

Nililitoa, nikainama kutoka benchi letu la mbele na kuliweka mezani, tundu juu. Nikasema, "Limeungua kwa sababu bunduki ilikuwa karibu. Ilikuwa karibu kwa sababu walikuwa wanapokezana, kama huyu alivyosema. Lakini hakusema yote. Risasi ilikuwemo kwa sababu mume wangu aliiacha humo kila siku. Na aliiacha kwa sababu mimi nilimwapisha."

Karani aliinua kalamu. "Mama, unataka niandike hivyo?"

Nyuma yangu nilimsikia Asukile akisema, "Shemeji, acha." Mkono wa mama mkwe ulikuwa bado kwenye kiwiko changu, lakini haukuminya tena. Ulikaa hapo kidogo, kisha akauondoa, akausogeza mwili wake hadi mwisho wa benchi, akatazama ukuta.

"Andika," nikasema.

Bwana Shauri alisema jambo kwa Kiingereza. Karani akanigeukia. Aliuliza taratibu, nadhani kwa huruma, kwa nini nilimwapisha mtu mzima jambo ambalo kazi yake ilikuwa imekataza.

"Nilitaka arudi nyumbani," nikasema.

Karani aliandika, akasukuma kidau cha wino mbele yangu, nikatia dole gumba.