Mzigo wa Laurette

Mimi nilisema turudishe ule mzigo. Nilisema Alhamisi jioni tukiwa jikoni kwetu Woolwich, na nikasema tena kesho yake nikiwa mlangoni na begi mkononi. Shiro hapendi nikimkumbusha, lakini nitamkumbusha tu, maana mwanamume akinyamaza sana watu husema naye alikubali.

Mambo yalikuwa hivi. Mimi na mke wangu tulipanga kwenda Cologne, Ujerumani, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Miaka yote hii tuliyokaa London hatujawahi kwenda popote kupumzika. Tukisafiri, tunakwenda Kenya, na Kenya si mapumziko. Kenya ni kuzungushwa nyumba hadi nyumba ukiulizwa umeleta nini. Shiro anatunza wazee majumbani mwao, mimi naendesha basi, na kijana wetu Eddie yuko chuo. Tukasema sasa ni zamu yetu. Tukatafuta hoteli ya bei ya chini kabisa, zile ambazo hata taulo unaulizwa kama kweli unaihitaji, tukalipa, kisha tukaomba viza, kwa kuwa bado tunatembea na pasipoti zetu za Kenya.

Kosa la kwanza lilikuwa kutangaza kanisani. Shiro hakuweza kujizuia. Pasta akatuita mbele, tukawekewa mikono, tukaombewa safari njema mpaka mgeni angedhani tunapelekwa vitani. Shiro akalia. Sasa, ukishaombewa namna hiyo, kila mtu anajua unakwenda, na kila mtu ana mtu wake huko.

Aliyekuwa na mtu wake ni Mama Josée. Ni Mkongo, mtu wa Uvira, anasafisha ofisi za watu na Jumapili tunakaa naye benchi moja. Binti yake Laurette anaishi Cologne na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza juzijuzi. Kwao ni kama kwetu: binti akizaa, mama yake huenda kukaa naye, ampikie, amkande, amfundishe kumwogesha mtoto. Mama Josée hangeweza. Karatasi zake hazijatoka bado, na akivuka mpaka hajui kama ataruhusiwa kurudi. Hajamgusa binti yake tangu Laurette akiwa msichana wa shule.

Basi akatuletea mzigo. Ulikuwa na ndagala, wale samaki wadogo wa kukausha ambao sisi tunaita omena, na kitenge kipya cha kumbebea mtoto mgongoni. Akamshika Shiro mikono yote miwili.

"Mama Shiro, kwa simu namuona ule mutoto kila siku, lakini sijue uzito yake. Mutamushika kwa ajili yangu. Kisha mutarudi muniambie."

Shiro akasema atamshika. Nilikuwa hapo hapo, nilisikia kwa masikio yangu.

Viza hazikuja. Tulingoja mpaka Alhamisi ikaisha na pasipoti zikabaki huko ubalozini. Hoteli nayo ikasema pesa hairudi, ila tunaweza kuhamishiwa hoteli yao nyingine yoyote yenye nafasi. Iliyokuwa na nafasi ilikuwa Wembley, hapa hapa London.

"Tuwaambie watu ukweli," nikasema. "Viza haikutoka. Aibu iko wapi?"

"Kwako haipo, Baba Eddie. Si wewe uliyelia mbele ya kanisa zima."

"Na mzigo wa watu? Turudishe leo."

"Tutapata mtu wa kuupeleka. Kwanza tutoke hapa."

Kubaki nyumbani na kujificha hakuwezekani. Chumba chetu cha juu anapanga Bridget, katibu wa kwaya, na jambo likimfikia Bridget limefika kwaya yote, sauti zote nne. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi tuliburuta mabegi yetu huku Bridget akitupungia mkono dirishani, tukapanda treni kwenda Wembley kama watu waliotoroka jela. Kumbe jela ndiko tulikokuwa tunakwenda.

Chumba hakikuwa na dirisha. Dirisha ni la kuongeza pesa. Ukutani walikuwa wamebandika picha kubwa ya msitu, nadhani ili mtu asijisikie vibaya, na kitanda kilienea ukuta hadi ukuta, hivi kwamba mmoja akitaka kwenda chooni lazima mwenzake akunje miguu. Hewa iliingia kupitia tundu moja darini na kutoka sijui wapi. Mzigo wa Laurette tuliuweka juu ya kiti kwa heshima. Kufikia mchana tulikuwa tunaishi ndani ya tenga la samaki. Shiro akaufunga kwa mfuko, akaufunga tena kwa taulo, akausukuma chini ya kitanda. Ndagala hawajali taulo.

"Angalau tumepumzika," akasema.

Nilikuwa napumua kwa mdomo.

Jioni tulitoka kutafuta chakula. Hatujafika mbali nikaona koti la manjano la kung'aa, na ndani yake ni Ian, yule mwimba besi wa kwaya yetu, ambaye kumbe siku za mechi huja kuelekeza watu uwanjani. Shiro alinivuta kwa mkono tukaingia duka la sari, tukasimama katikati ya vitambaa mpaka mwenye duka, mama mmoja anayeitwa Alka, akaanza kumpima Shiro kiuno. Tulirudi chumbani bila kula. Tangu hapo Shiro akakataa kutoka kabisa. Watu wazima wawili, wenye kazi na nyumba, tumejifungia na samaki na picha ya msitu. Nilikasirika mpaka nikahesabu miti yake.

Jumamosi asubuhi niliamua kufanya jambo la maana. Niliuchukua mzigo nikaupeleka kwenye duka la Hitesh, linalotuma vifurushi. Hitesh ni mzee aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake bado kina vumbi la huko. Hata sijaufungua, akanusa.

"Omena? Hapana, ndugu yangu. Chakula mimi sipokei. Ile siku nilipokea achari ya mtu, ikapasuka kwa vitabu vya mtu mwingine, mpaka leo hatusemezani."

"Ni ya mzazi. Binti amejifungua."

"Najua. Kila mtu iko na sababu nzuri." Akakitoa kitenge, akakikunjua, akakikunja upya vizuri kuliko kilivyokuwa. "Hii naweza. Itafika wiki ijayo. Samaki, rudi nayo."

Nikalipia kitenge kiende kwa Laurette, samaki nikarudi nayo. Nilimkuta Shiro ameketi kitandani na vazi lake la kulalia, simu ameishika mbali na mwili. Akabonyeza ujumbe uliokuja nikiwa nje, sauti ya Mama Josée ikajaza chumba.

"Mama Shiro, Laurette ametoka sasa hivi, anaenda kuwapokea kwa gare ya treni. Nilimuambia jana mulipumuzika kwa hoteli, leo munakuja kwake na treni ya saa sita, nilisahau kuwaambia. Amefunika mutoto muzuri, musiogope. Mukikutana, munipigie."

"Saa sita yetu au yao?" nikauliza, swali la kijinga, lakini ndilo lililonijia.

Simu ikaanza kulia. Namba ya Ujerumani. Shiro akaiweka chini ya mto. Ikanyamaza, ikalia tena. Ikanyamaza. Ikalia.

"Izime," nikasema.

"Siwezi kuzima. Mtoto yuko nje kwenye baridi."

"Basi shika."

"Nimwambie nini, Naftali?"

Akiniita Naftali ujue maji yamefika shingoni. Nikatoa simu chini ya mto nikapokea, nikasema haloo. Kwanza nilisikia kelele ya stesheni, tangazo la Kijerumani, na karibu kabisa na simu, mtoto akilia kile kilio chembamba cha watoto ambao hata dunia hawajaizoea.

"Papa Naftali? Ni mimi Laurette. Niko mbele ya duka ya maua. Naangalia watu wote wanaotoka, siwaone. Mumevaa nini?"

Nikajitazama. Nilikuwa bado na koti, na mzigo wa samaki kwapani. Nikamtazama mke wangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Laurette, hatuko Cologne," nikasema. "Tuko London. Viza hazikutoka, na hatukumwambia mtu. Rudi nyumbani, mwanangu. Utusamehe."

Nikangoja matusi. Ningemshukuru kwa matusi. Nilisikia tu akimbembeleza mtoto, shh, shh, mpaka akatulia.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue."

Shiro akaninyang'anya simu, akaiweka kwenye spika. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Laurette, kosa ni langu. Leo hii nitampigia mama yako nimwambie kila kitu."

"Hapana, Mama Shiro. Hautamwambia." Hakupandisha sauti. "Tangu nizae, Mama halali. Ananipigia usiku, analia, anasema ananiacha peke yangu kama mutoto hana bibi. Hii wiki ndiyo alilala, sababu anasema kuna mama anakuja kwa nafasi yake. Ukimwambia hakuna mutu alikuja, unafikiri atalala tena lini?"

Shiro akasogeza simu karibu, Laurette akaendelea.

"Mimi nitamwambia tulionana. Na wewe utamwambia ulimushika. Ulimuahidi, si ndiyo?"

"Nilimwahidi."

"Basi sikia vizuri. Sura yake Mama ameiona kwa simu, hatauliza sura. Atauliza uzito. Ni muzito kuliko unavyozania ukimuangalia. Kichwa yake ina joto sana, utasema ana homa, lakini hapana, ni yeye tu. Ukimuweka kwa bega anasukuma na miguu, kama anataka kupanda. Umesikia?"

"Mzito kuliko unavyodhania," Shiro akarudia polepole. "Kichwa kina joto. Begani anasukuma na miguu."

"Na ananukia maziwa na mafuta ya mawese, sababu namupaka ile Mama alifundisha."

"Maziwa na mafuta ya mawese."

"Ndagala muzikule nyinyi. Atauliza kama zilikuwa na muchanga."

Akakata. Shiro akabaki amekaa, midomo inacheza, anakariri mtoto wa watu kama mwanafunzi kabla ya mtihani. Nilimwambia twende nyumbani, nimechoka na msitu huu. Akasema tutaendaje nyumbani na leo ni Jumamosi, Bridget atuone? Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma. Hapo mwanzo ningeweza kufungua mlango wakati wowote, nikamwambia mtu yeyote ukweli, mambo yakaisha. Sasa haukuwa ukweli wetu tena. Tulilala pale hadi Jumatatu, hatusemi mengi, na harufu yenyewe tukaacha kuisikia.

Jumatatu tulirudi Woolwich. Bridget alikuwa kazini. Shiro akawasha jiko hata kabla ya kuvua koti, akaosha ndagala, akawakaanga kwa nyanya na kitunguu, tukala tukiwa tumesimama. Nilikuwa nataka wawe wabaya. Walikuwa watamu sana, na hawakuwa na mchanga hata chembe. Shiro akalamba kidole akasema, "Angalau hilo moja litakuwa kweli."

Hatujaosha sahani, kengele ikalia. Mama Josée alikuwa njiani kwenda kazini, amevaa sare yake chini ya koti. Aliingia, akasimama katikati ya jikoni, akanusa hewa.

"Munapika ndagala?"

"Laurette alitupa kidogo tuje nazo," Shiro akasema.

Mama Josée akacheka kwa furaha, akaketi. "Huyo ni mutoto yangu kabisa. Hawezi kuacha mugeni aende mikono mitupu. Zilikuwa na muchanga?"

"Hapana, Mama. Hata kidogo."

"Nilizichagua moja moja." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anaogopa jibu. "Ulimushika?"

"Nilimshika."

"Ako namna gani?"

Shiro akamwambia. Akamwambia uzito, joto la kichwa, miguu inayosukuma begani, maziwa na mafuta ya mawese. Hakukosea hata neno moja, na alipofika kwenye mafuta sauti yake ilikatika, na Mama Josée akadhani ni utamu wa mtoto. Akainuka, akachukua mikono ya Shiro, ile mikono ambayo haijagusa kitu Ujerumani, akaibonyeza kwenye mashavu yake, kwanza mkono mmoja, kisha mwingine. Alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu na mke wangu hakuiondoa mikono yake. Mimi nilitazama sinki.

"Asante," Mama Josée akasema mwishowe, akijifuta. "Sasa naweza kwenda kazi. Mutoto akianza kukaa, nitatuma mzigo ingine. Si nyinyi sasa ndio munajua njia?"

Shiro akanitazama. Nimeishi naye miaka mingi, najua macho yake yakiomba msaada. Alikuwa ananiomba nimtoe humo, mimi niliyesema turudishe, mimi niliyesema tangu mwanzo.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Njia tunaijua."